Kabla ya Rungu na Sindano

 Leo nazungumzia mbwa. Najua wapo watakaonyoosha mkono kupunguza sauti ya redio, kwa kuwa mbwa kwetu pwani si mnyama wa kuzungumzwa sebuleni. Nawaomba wasipunguze. Jambo lenyewe linaanzia kwa mbwa, lakini linaweza kuishia kwa mtoto wa jirani.

Jumapili moja mchana simu yangu iliita. Aliyepiga ni nahodha wa Msimbati, huku Mtwara, mtu mzima, na jina lake nalihifadhi. Nikamwamkia. Aliitikia kwa haraka, kisha akasema: "Mwanangu, mbwa wangu kiuno kimekatika. Asubuhi alikuwa mzima, kanifuata pwani mwenyewe. Sasa hivi anaburuta miguu ya nyuma kama gunia. Vijana wameshika rungu, wanasema ni kichaa. Jirani yangu anasema ana sindano ya ng'ombe, nimchome. Nifanye lipi?"

Mbwa huyo ninamfahamu. Ni dume kubwa lenye kifua kipana, uzao wa wale mbwa wa walinzi walioletwa huku miaka ya ujenzi wa bomba la gesi, akachanganyika na damu ya mbwa wetu wa kienyeji. Mchana yuko pwani na mwenyewe, usiku analinda shamba la mikorosho na mihogo dhidi ya nguruwe pori. Mbwa wa namna hiyo ni mfanyakazi. Akianguka, nyumba nzima inajua.

Nikamjibu: "Mzee wangu, rungu lisubiri na sindano isubiri. Kisichosubiri ni mikono yako. Usimshike mdomoni. Watoto watoke hapo. Mfunge kwa kamba ndefu chini ya kivuli, sogeza maji kwa mti mrefu, kisha ukae mbali umtazame. Halafu unieleze unachokiona."

Alishangaa. Alitaka jina la dawa, nami nikampa kazi ya kutazama.

Lakini kutazama ni elimu yetu sisi wa kusini. Mwaka 1952 ulipozuka ugonjwa wa homa na viungo huko Newala na uwanda wote wa Makonde, watu walimwona mgonjwa anavyotembea, ameinama, hawezi kunyooka kwa maumivu ya maungo, wakaupa jina kwa Kimakonde: chikungunya, kile kinachompinda mtu. Leo madaktari wa India na Brazili wanalitamka neno hilo hilo. Dunia nzima inatumia jina lililotokana na jicho la mkulima wa Newala lililoangalia mwendo wa mtu. Basi jicho hilo hilo tulielekeze kwa mbwa aliyelegea miguu.

Kwa nini nilianza na mdomo wakati ugonjwa uko kwenye miguu? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Wengi wetu tukisikia kichaa tunamwona mbwa mkali, macho mekundu, povu, anakimbia na kuuma kila anachokutana nacho. Huyo yupo. Lakini yupo mwingine wa kimyakimya, kichaa cha kupooza. Huyu hakimbizi mtu. Anajificha chini ya uchaga au nyuma ya nyumba, miguu inalegea, mara nyingi ya nyuma ikitangulia, kisha taya la chini linaning'inia, mate yanachuruzika, sauti inabadilika, maji hayapiti kooni. Ukimwona utamhurumia. Na hapo ndipo hatari ilipo, maana mwenye mbwa anasema: masikini, amekwamwa na mfupa. Anaingiza mkono kinywani kuutafuta.

Mjomba wangu aliuingiza. Nilikuwa mdogo, tulikuwa shambani, msimu wa korosho. Vidole vyake vilikuwa na vidonda vya utomvu wa maganda ya korosho, ule unaochoma ngozi, kila mbanguaji anaujua. Mbwa alikuwa ameanguka miguu tangu asubuhi na taya limelegea. Mjomba alipekua koo zima asione mfupa. Siku ya tatu mbwa akafa. Bahati yetu, mama mmoja muuguzi aliyekuja shambani kununua korosho aliposikia kisa hicho alimwambia mjomba aache kila kitu aende hospitali siku hiyo hiyo. Alienda, akachomwa sindano zote mpaka ya mwisho, kila mara akiendesha baiskeli kwenda na kurudi. Mjomba aliishi mpaka uzeeni. Ila sijasahau sura ya mama yangu mkubwa wiki zile, jinsi alivyokuwa akimtazama kaka yake kila anaponyanyua kikombe cha maji.

Kirusi cha kichaa kinaingia na mate kupitia jeraha, au kupitia utando laini wa jicho na mdomo. Kikishaingia kinasafiri na mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, safari ya wiki kadhaa, pengine miezi, halafu kinashuka kwenye tezi za mate. Katika safari hiyo sindano za kinga zinaweza kukizuia njiani. Kikishafika ubongoni na dalili zikaonekana, si mbwa wala binadamu anayetarajiwa kupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu duniani, karibu wote kwa mate ya mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Kwa Tanzania, watafiti wamekadiria vifo kufikia 1,500 kwa mwaka. Wengi ni watoto, kwa kuwa mtoto ndiye anayecheza na mbwa.

Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 kwa saa, si kumwagia mara moja na kupaka mafuta taa. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Watu wa pwani tuliolelewa katika madhehebu ya Shafii tumefundishwa tangu utotoni kuosha mara saba, moja kwa udongo, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa. Mate ya mbwa tumeyachukulia kwa uzito kwa karne nyingi. Nashangaa tunavyosugua sufuria mara saba halafu mtoto aliyeng'atwa mguuni tunamfunga kitambaa tu, tunasema kitakauka.

Na dini hiyo hiyo inasimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni mwake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kujikinga na mate ya mbwa na kumhurumia mbwa vinakaa katika kifua kimoja bila kugombana. Ndiyo sababu nilimwambia nahodha amfunge na ampe maji, vijana waweke rungu chini. Kuna sababu nyingine pia. Mbwa aliyefungwa anatoa ushahidi. Mbwa aliyemuuma mtu akafungwa na kutazamwa siku 10, na akabaki mzima, mate yake hayakuwa na kirusi siku ile aliyouma. Ukimuua kwa rungu ukamtupa mtoni, umeutupa ushahidi wote, na kichwa kilichopondwa hakifai hata kupimwa. Lakini mtu aliyeng'atwa asingoje hizo siku 10 zipite. Aanze sindano, daktari ndiye atakayeamua kama zisimamishwe. Na mbwa akifa, msimzike kabla ya kumwita ofisa mifugo wa kata, kwa sababu sampuli ya ubongo ndiyo inayosema kweli. Kumpiga mbwa aliyelala hajiwezi, licha ya ukatili wake, kunagongana na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Ninyi wa Lindi na Mtwara mnakumbuka miaka kati ya 2010 na 2015, mbwa walivyokuwa wakivutwa kwa kamba kwenda kuchanjwa. Ule ulikuwa mradi mkubwa wa wilaya 28, zikiwemo zetu, pamoja na za Pwani, Morogoro na Dar es Salaam, na kisiwa cha Pemba, chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani na fedha za taasisi ya Bill na Melinda Gates. Hesabu yake ni hii: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na chanjo ikirudiwa kila mwaka, kirusi kinakosa pa kupita. Pemba walifika mahali kichaa kikakatika. Kikarudi, wakakikata tena. Kwetu kusini kuna ugumu wa ziada, kwa sababu watafiti waliofuatilia wagonjwa Lindi na Mtwara walikuta si mbwa peke yao, mbweha nao walikuwa wengi. Mbweha haji kwenye uwanja wa shule kuchanjwa. Na mto Ruvuma ni mpaka kwa mtu mwenye pasipoti. Mbwa anavuka ndani ya mtumbwi na bwana wake bila kuulizwa karatasi. Isitoshe, chanjo ya miaka ile haimkingi mbwa aliyezaliwa juzi.

Tumeanza na kichaa kwa sababu ndicho kinachoua watu. Lakini mbwa wengi wanaolegea miguu ya nyuma hawana kichaa, na nahodha wangu alistahili kupewa nafasi hiyo. Nikaanza kumhoji.

Nilimuuliza kwanza: imeanza lini, taratibu au ghafla? Swali hili linagawa magonjwa katika makundi mawili. Mbwa wakubwa wa uzao wa kigeni wana matatizo yao ya kuzaliwa nayo. German Shepherd, uzao ulioanza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899, anajulikana kwa nyonga mbovu: kichwa cha mfupa wa paja hakikai barabara katika tundu lake, kinalika, mbwa anainuka kwa shida asubuhi kisha akichangamka anatembea. Mbwa wa uzao huo huo, akishafika miaka minane au zaidi, anaweza kupata ugonjwa wa uti wa mgongo unaooza polepole bila maumivu. Utasikia kucha za nyuma zikikwaruza sakafu, utaona miguu ikipishana kama ya mlevi. Mwenye mbwa husema "imemwanza leo", kumbe ukimuuliza vizuri anakumbuka kwamba tangu mfungo uliopita mbwa ameacha kuruka ukuta.

Nahodha alinihakikishia: ghafla. Asubuhi mzima, adhuhuri chini.

"Alilia?" Hakulia. Nililiuliza hilo kwa sababu kuna kiharusi cha uti wa mgongo, kinachowapata hasa mbwa wakubwa wenye nguvu. Mbwa anakimbia au anaruka, analia mara moja kama aliyechomwa na mwiba, anaanguka. Kipande kidogo cha gegedu kimeziba mshipa wa damu unaolisha uti. Baada ya saa chache hana maumivu tena, na ukimtazama siku ya pili hajazidi wala hajapungua. Wengi wa namna hii husimama tena baada ya wiki kadhaa wakitunzwa, mradi bado wanahisi mguu ukibanwa. Ni tofauti na pingili iliyobanwa au kuvunjika, baada ya kugongwa na pikipiki au kupigwa dafrau na nguruwe pori. Huyo mgongo unamuuma, anatetemeka, hataki kuguswa.

"Ana kupe?" Wachache. Homa za kupe humlegeza mbwa: fizi zinakuwa nyeupe, mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chai, anakataa chakula, anayumba kwa kukosa damu na si kwa ugonjwa wa mishipa. Na kwa wale wanaowinda mabondeni kwenye mbung'o, nagana inampata mbwa pia, naye hukonda na jicho likafunga ukungu wa samawati.

Na hapa niseme kuhusu ile sindano ya jirani, kwa sababu inanikera kwelikweli. Dawa ya unga wa njano inayochanganywa na maji kumchoma ng'ombe mwenye nagana, yaani diminazini, ni dawa nzuri kwa ng'ombe. Kwa mbwa, nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ni finyu mno. Ikizidi kidogo tu inaweza kuvujisha damu ubongoni, na mbwa aliyekuwa analegea miguu miwili anapooza yote minne, kisha tunasema ugonjwa ulikuwa mkali. Mbwa wa kilo 35 si ndama. Yeyote anayekadiria dozi kwa jicho anacheza na roho ya mnyama. Mpeni sindano hiyo mtu aliyesomea, aliyempima mbwa uzito na damu.

Nikauliza juu ya shamba. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho. Salfa ya ubwiriunga haina shida kubwa kama zile dawa za maji za kuua wadudu, za jamii ya oganofosfati. Mbwa akilamba ndoo au akinywa maji ya kuoshea bomba, atatokwa mate na machozi, mboni za macho zitakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli itatikisika, halafu miguu itaisha nguvu. Huyo ni wa kukimbizwa, kuna dawa yake, atropini, na inahesabiwa kwa dakika. Chukueni na chupa yenyewe mkamwonyeshe daktari. Nahodha akasema hapana, ndoo za dawa zinafungiwa stoo.

Basi nikamuuliza alichopaswa kuulizwa kwanza na mtu yeyote wa pwani: "Asubuhi mlivua nini?"

Akanyamaza kidogo. Walikuwa wamevuta juya. Kulikuwa na dagaa, tasi wachache, na bunju.

Wavuvi mnamjua bunju, yule samaki anayejaza tumbo kama mpira. Akiingia wavuni anatupwa mchangani, kwa sababu ini, mayai na ngozi yake vina sumu ambayo moto haiiondoi. Mwaka 1774 baharia Mwingereza James Cook na wenzake walionja ini la samaki wa jamii hiyo huko New Caledonia. Usiku viungo vyao vikafa ganzi, na asubuhi nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule akakutwa amekufa. Sumu hiyo inafunga njia ya umeme katika mishipa ya fahamu. Misuli haipati amri. Mnyama anaanza kuyumba, miguu inalegea, na ikifika kwenye misuli ya kupumua, basi. Haina dawa ya kuifuta. Anayevuka siku ya kwanza ana nafasi kubwa ya kupona.

Ipo na sumu nyingine inayofanana na hiyo kwa macho, ya mzoga uliooza, inayokuja baada ya siku moja au mbili, ikianzia nyuma kupanda mbele. Katika hiyo mbwa huwa na akili zake timamu, na mara nyingi mkia bado unacheza ukimwita jina.

Nikamwambia: "Mwite."

Nilimsikia akiita, akiwa mbali na simu. Akarudi, sauti imebadilika: "Mkia unapiga chini, mwanangu. Ananitazama. Ila hainuki."

Sikumwambia ni bunju wala si bunju. Nilimwambia abaki na kamba, mikono iwe mbali na mdomo, ampigie ofisa mifugo. Ofisa alifika kabla ya magharibi kwa pikipiki, akavaa glavu, akamfunga mdomo kwa ukanda wa kitambaa, akampinda kidole cha mguu wa nyuma na kukiacha juu ya mchanga. Mbwa mzima hukirudisha mara moja. Huyu alichelewa, lakini alikirudisha. Alipopeperushiwa mkono mbele ya jicho, alipepesa. Taya lilikuwa na nguvu zake. Akasema tusubiri.

Usiku ule nahodha hakulala. Nilimweleza namna ya kumtunza aliyelala, na ninawaelezeni ninyi pia: magunia makavu chini yake, si mchanga wala saruji, na kumgeuza ubavu kila baada ya saa chache ili asitoke vidonda. Mgeuzeni mkiwa wawili, kwa kutumia gunia lenyewe, bila kumsogelea mdomo. Angalia kama anakojoa, maana aliyepooza anaweza kubana mkojo mpaka kibofu kikaharibika, na hilo linamhitaji daktari kabla ya siku kuisha. Asimiminiwe uji wala maziwa kooni, vitaingia mapafuni. Ikiwa lazima kumsafirisha, alazwe juu ya ubao au mlango wa zamani, mgongo unyooke, kama tunavyombeba mgonjwa kwa machela. Msimwinue kwa miguu ya mbele mkimlazimisha atembee.

Alfajiri ya Jumatatu alikaa kitako. Jioni alisimama, akayumba, akaanguka, akasimama tena. Ofisa mifugo sasa aliamini kuwa ni bunju, na mimi nilikubaliana naye. Kamba hata hivyo haikufunguliwa, kwa sababu tulikubaliana siku 10, na siku ya pili si ya 10.

Siku ya 10 nilipiga simu. Mbwa anatembea, anakula, sauti ni ile ile. Nikamuuliza nahodha kadi ya chanjo. Akakohoa. Aliwahi kuwa nayo, ya mbwa aliyemtangulia huyu. Akaniambia wiki hiyo hiyo anampeleka, na kwamba amewatangazia vijana wa juya wote: bunju akitoka wavuni anachimbiwa shimo juu ya mstari wa maji kujaa, kabla samaki hawajagawiwa. Vijana walicheka kidogo, akasema, kisha yule aliyekuwa ameshika rungu ndiye aliyekwenda kutafuta jembe.